Tulihimiza mtaa ulete vifaa vibovu vya umeme, sasa watu wameacha kuleta. Naomba ushauri

Katibu wa Kikundi

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Tabata, Dar es Salaam. Mwaka jana tulikubaliana kwamba, mbali na kuweka akiba na kukopeshana, kikundi kifanye jambo moja lenye faida kwa mtaa mzima. Tukachagua vifaa vibovu vya umeme, kwa sababu hakuna nyumba isiyokuwa navyo: simu zilizokufa ndani ya droo, runinga za kichogo zilizogeuzwa meza ya kuwekea vyombo, pasi, feni, ving'amuzi, na chaja ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za nini. Tulipita nyumba kwa nyumba na kuzungumza kwenye mkutano wa mtaa, tukieleza kwamba kinachotengenezeka kitatengenezwa na mwenyewe atakichukua kwa kulipia vipuri na ufundi tu, na kisichotengenezeka kitapelekwa kwa watu wenye kibali cha kurejeleza, badala ya kuishia kwenye dampo la Pugu au kuchomwa nyuma ya nyumba.

Watu waliitikia kuliko tulivyotarajia, na chumba tulichokodi kikajaa. Tangu mwezi uliopita, hata hivyo, hakuna anayeleta kitu, na wapo majirani ambao hata salamu wanaitikia kwa shida. Je, tutumie njia gani kuwahamasisha upya? Tumefikiria kutoa kipande cha sabuni au nusu kilo ya sukari kwa kila anayeleta kifaa, au kumwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa atutangazie. Kodi ya chumba inaninyima usingizi, kwa hiyo naomba mawazo yenu mapema.

Mpenda Mazingira

Hongereni sana, dada. Elimu ndiyo inayokosekana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Waelezeni watu kwamba kioo cha runinga ya kichogo kina madini ya risasi, kwamba plastiki ya nyaya ikichomwa hutoa sumu iitwayo dayoksini, na kwamba watoto ndio wanaoumia kwanza kwa sababu miili yao ingali inakua na mikono yao huenda mdomoni. Mtu akishajua hayo hahitaji sukari.

Mstaafu wa Reli

Wanangu, salaam. Redio yangu ya kwanza niliinunua Tabora na ilitengenezwa na mafundi wanne tofauti kabla ya kuniaga. Zamani mtu akinunua redio alimjua na fundi wake, kama anavyomjua mganga wa familia. Leo kijana anabadilisha simu kwa sababu mwenzake amebadilisha, ilhali ya kwake haina kasoro. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Itakumbukwa pia kwamba mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi walidhani runinga ya kichogo imekwisha kazi, wakaitoa nje inyeshewe mvua, wakati ilihitaji king'amuzi tu. Mimi yangu niliitumia miaka mingi baadaye. Kwa hiyo nasema tatizo ni tamaa, wala si elimu.

Fundi wa Gerezani

Shikamoo mzee. Dada Katibu, pole na hongera. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, nina meza yangu Gerezani, karibu na Kariakoo, na ninaomba niseme kile ninachokiona kila siku. Mtu haachani na kifaa kwa kuelezwa habari za dayoksini. Anaachana nacho akishaona kwa macho kwamba kimoja kimefufuka na kingine kimeshindikana kwa haki. Feni inayozunguka kwa uvivu mara nyingi imechoka kapasita, kipuri cha bei ndogo mno. Blenda inayonuka na kutoa cheche huwa imekwisha kaboni. Pasi isiyopata moto, angalia waya pale unapoingilia mpini, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Runinga bapa yenye sauti lakini haina picha, mulika kioo kwa tochi: ukiona picha hafifu, taa za nyuma ndizo zimekufa. Badala ya sukari, wekeni siku moja kwa mwezi, fundi akae barazani na kufungua vifaa mbele ya wenyewe, na mwenye kifaa aruhusiwe kuuliza.

Swali langu ni moja: fundi wenu ni nani, na vingapi vimesharudi kwa wenyewe vikiwa vinafanya kazi?

Mtafuta Riziki

Naomba kuuliza jambo linalohusiana. Wanaopita na vipaza sauti wakinunua simu mbovu wanafuata dhahabu, au ni kweli kwamba redio na runinga za zamani zina ile zebaki nyekundu inayouzwa kwa mamilioni? Kama ni kweli, basi kikundi hiki kimekalia utajiri bila kujua.

Fundi wa Gerezani

Ndugu, zebaki nyekundu ni uzushi. Mwaka 2009 uzushi huohuo ulipanda Saudi Arabia, watu wakanunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kutisha, na hawakukuta kitu. Dhahabu ipo, lakini hebu tupige hesabu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikadiria kwamba simu milioni moja hutoa takribani kilo 34 za dhahabu. Maana yake simu elfu moja hazifikishi gramu 35, tena kwa kiwanda chenye mitambo kamili, kama kile cha Hoboken, Ubelgiji. Anayejaribu kwa tindikali ndani ya beseni anapoteza sehemu kubwa ya hicho kidogo, pamoja na mapafu yake. Faida ya mnunuzi wa mitaani iko kwenye vioo, bodi nzima, na simu ambazo hazijafa kweli.

Mama Wawili

Dada Katibu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Watu hawaachi jambo ghafla kwa sababu wamekosa sukari. Walikuwa wanaleta, wakaacha, tena kwa pamoja, na sasa wanakununia. Mwezi uliopita kulitokea nini?

Katibu wa Kikundi

Nawashukuru wote. Fundi, tulikuwa na kijana mmoja aliyetutengenezea vifaa kadhaa, feni hasa, kisha akapata kazi mkoani. Mama Wawili, sidhani kama kuna jambo mahususi. Mvua zilikuwa nyingi na shule zilikuwa zimefunguliwa, watu wakawa na shughuli zao. Narudi kwenye swali langu: je, zawadi ndogo inaweza kurudisha mwamko?

Mama Wawili

Mvua haimfanyi jirani akunyime salamu.

Karani wa Mahakama

Naungana na Mama Wawili. Tena naomba utueleze vile vilivyoshindikana vimekwenda kwa nani, kwa sababu kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinadai kibali kwa anayezikusanya na kuzisafirisha. Mliwaahidi watu kwamba vitakwenda kwa wenye kibali. Vilikwenda?

Katibu wa Kikundi

Sawa, nitaeleza, ila naomba nisomwe hadi mwisho kabla ya kuhukumiwa.

Kodi ilipofika tulikuwa hatuna kitu, kwa sababu fundi alikuwa ameondoka na watu walikuwa hawalipii tena matengenezo. Tukauza ndoo moja ya simu kwa kijana anayepita na kipaza sauti. Zilikuwa simu ambazo haziwaki kabisa, na wenyewe walikuwa wametuambia zitupwe. Baadaye jirani yetu mmoja akapigiwa simu na mtu asiyemjua, akatajiwa majina ya watoto wake na kutumiwa picha zake za faragha, akitakiwa kulipa fedha ili zisisambazwe. Picha hizo zilikuwa ndani ya simu aliyotuletea. Habari ikaenea kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na tangu hapo imekuwa kama mnavyoona.

Hata hivyo, sioni kwamba kikundi kina hatia. Simu ilitolewa kwa hiari, mwenyewe aliulizwa, akasema itupwe. Simu isiyowaka nani angejua kwamba ina kitu ndani? Zaidi ya hayo, mnunuzi huyohuyo anakuja Jumamosi kuchukua vyote vilivyobaki, pamoja na runinga, na ameshatoa malipo ya awali ambayo tumempa mwenye nyumba. Ninachotafuta ni namna ya kuanza upya chumba kikiwa kitupu, si kurudi nyuma.

Karani wa Mahakama

Dada, mtu aliyesema simu itupwe alisema hivyo baada ya kusikia ahadi yenu ya kurejeleza. Hakusema iuzwe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Siyasemi haya kukutisha, bali kwa sababu jirani huyo ana haki ya kusaidiwa sasa: ahifadhi ujumbe wote, asilipe chochote, na aende polisi akiwa na namba iliyompigia. Kikundi kimsindikize, na kiwe tayari kumtaja aliyenunua ndoo ile.

Fundi wa Gerezani

Umeuliza nani angejua. Fundi yeyote wa simu angejua, na ndiyo maana chumba kama hicho hakipaswi kukaa bila fundi. Simu isiyowaka mara nyingi imeharibika tundu la chaji, betri, au kioo. Picha hazikai kwenye kioo, zinakaa kwenye kumbukumbu iliyogandishwa juu ya bodi, na bodi ikiwa nzima simu inaamka kwa betri ya kuazima. Simu ya namna hiyo ni kabati lililopotea ufunguo, nguo zote zingali ndani. Nyingine huletwa na kadi ya kumbukumbu yake, na hiyo haihitaji hata kufufua simu: unaichomoa na kuisoma kwenye kifaa kingine.

Kuhusu Jumamosi, naomba nikueleze kinachofanyika na runinga, kwa kuwa nimekiona kwa macho yangu. Anafungua kifuniko cha nyuma, anavunja shingo ya kioo kwa nyundo ili achomoe koili ya shaba iliyoizunguka, anakata nyaya, anachukua bodi. Kinachobaki ni kioo kizito chenye risasi na ule unga mweupe wa ndani, na hicho kinaachwa hapohapo au kwenye mtaro wa karibu. Nyaya zinachomwa jioni ili shaba itoke safi. Kwa hiyo ile sumu mliyowaambia majirani waikimbie, mtakuwa mmeikusanya kutoka kila nyumba na kuimwaga mahali pamoja.

Katibu wa Kikundi

Ninaelewa, lakini fedha za malipo ya awali hazipo tena. Na wenye kibali tuliowapigia walisema mzigo wetu ni mdogo, hawawezi kutuma gari. Mnataka tufanye nini, tulale na runinga?

Mkazi wa Nairobi

Habari zenu kutoka Kenya. Huku kwetu kipo kituo cha kurejeleza vifaa vya umeme, WEEE Centre, kilichotokana na kazi ya Computers for Schools Kenya ya kupeleka kompyuta zilizokarabatiwa mashuleni. Nilichojifunza kwao ni mpangilio wa kazi: kwanza kifaa kinachunguzwa kama kinaweza kutumika tena, kisha taarifa zinafutwa, na ndipo kinachobaki kinavunjwavunjwa na kutenganishwa. Sheria yetu ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa wazalishaji kubeba mzigo wa bidhaa zao zinapokwisha kazi, na hapo ndipo ninapoona jibu la kodi ya dada yetu. Haiwezekani akina mama wa mtaa mmoja walipe peke yao gharama ya kusafisha faida ya waliouza. Waombeni wenye maduka ya vifaa vya umeme hapo Tabata, shule na ofisi za jirani wajumuishe mizigo yao na wenu, ili mwenye kibali apate gari lililojaa.

Jicho Kali

Samahani, lakini nimekuwa nikisoma kimya na sasa nasema. Akaunti ya Katibu ni mpya na huu ni uzi wake wa kwanza. Lugha imenyooka mno, siri zinatoka moja baada ya nyingine kila msomaji anapoanza kuchoka, na sasa kimeshatajwa kituo. Nimewahi kuona mbinu hii: kisa kinatungwa, watu wanalia, kisha anajitokeza mtu na jina la kampuni ya kukusanya taka. Napendekeza tusiendelee kuchangia hadi athibitishe.

Mkazi wa Nairobi

Ndugu, nimemtajia mtu wa Tabata kituo kilichoko Nairobi. Kama ni tangazo, basi limemkosa mteja kwa mpaka mzima wa nchi.

Mstaafu wa Reli

Hata mimi nilianza kushuku, kwa sababu hajasema kikundi chake kinaitwaje. Lakini nakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu feki zilipozimwa na mamlaka ya mawasiliano. Nyumbani kwangu simu mbili zilikufa usiku huo na hadi leo sijui ziko wapi. Nilimpa mtoto wa jirani aende kuzitupa. Iwe kisa hiki ni cha kweli au cha kutungwa, simu zangu ni za kweli, na zilikuwa na picha za marehemu mke wangu.

Mama Wawili

Pole sana, baba. Jicho Kali, mwanamke anayesimulia jambo la aibu kwenye jukwaa hufungua akaunti mpya, hilo si ajabu. Katibu, hatuhitaji jina la kikundi. Tuambie tu kilichomo ndani ya chumba hicho kama ulivyokiandika kwenye daftari.

Katibu wa Kikundi

Sina sababu ya kutunga. Daftari ninalo hapa. Ukurasa huu una feni ya mezani ambayo wavu wake wa mbele umefungwa kwa waya wa hanga. Kuna redio ya betri kubwa sita yenye mende waliokufa ndani. Mzee wa nyumba ya kona ameandika kwa mkono wake kwamba akikosekana fundi arudishiwe, isivunjwe. Kuna runinga ya kichogo yenye stika za wachezaji wa Simba pembeni. Kuna rimoti nyingi kuliko runinga, na sijui kwa nini. Kuna kompyuta mpakato mbili za ofisi fulani. Simu zilizobaki ziko kwenye ndoo ya plastiki chini ya ngazi, zile ambazo betri zimevimba hadi kifuniko kimejitenga nazo zimo humohumo, kwa sababu mnunuzi alisema zote anazichukua kwa kilo.

Fundi wa Gerezani

Dada, acha kila kitu na usome hapa. Betri iliyovimba ina gesi ndani na inaweza kulipuka moto usiozimika kirahisi, hasa ikibanwa, ikitobolewa, au vituo vyake vya kupitishia umeme vikigusana na chuma. Ndoo ya plastiki chini ya ngazi, ndani ya chumba kilichojaa nyaya, ni mahali pabaya kuliko pote. Leo hii itoe ndoo hiyo nje, mbali na nyumba na mahali penye kivuli. Simu zilizovimba zitenge kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, usikifunike kwa kubana. Usijaribu kuzichaji wala kuchomoa betri kwa kisu. Zile zisizovimba unazoweza kutoa betri kwa mkono, zitoe, na uzibe vituo vyake kwa selotepu.

Jicho Kali

Mashaka yangu sijayaondoa yote, lakini kuhusu betri sina ubishi. Zitoe.

Katibu wa Kikundi

Nimezitoa. Ziko uani, kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga, na watoto wameonywa.

Nimezungumza pia na mwenyekiti wetu wa kikundi. Kuhusu fedha bado sikubaliani na baadhi yenu, kwa sababu kodi haisubiri kanuni, na sitakubali kuitwa mwizi kwa kulipia chumba cha kazi ya watu wote. Lakini mnunuzi tumemwambia simu hatapewa hata moja, wala kompyuta, na runinga zisubiri. Amekasirika na anataka fedha zake mwisho wa mwezi. Tutachanga. Jirani tumekubaliana kumsindikiza polisi kesho asubuhi, ingawa hataki kuzungumza nami, atakwenda na mhazini. Mwenye duka la vifaa hapa barabarani amesema ana runinga mbovu za wateja zilizojaa stoo na yuko tayari tuunganishe mzigo.

Fundi, ile siku ya barazani ulikuwa unasema kweli, au ilikuwa mfano tu?

Fundi wa Gerezani

Kweli kabisa. Jumapili baada ya saa nne nina nafasi. Waite kwanza wenye simu, kila mmoja aje na chaja yake kama anayo. Kila itakayowaka, mwenyewe atahamisha picha zake na kuifuta kwa mkono wake. Isiyowaka nitamtolea bodi mbele ya macho yake, na aamue kuondoka nayo au niitoboe kumbukumbu hapohapo akiona. Vipuri atalipia mwenye kifaa, ufundi wa siku hiyo ni sadaka yangu. Redio ya mzee wa nyumba ya kona iwekwe mezani mwanzo kabisa. Nitumie ujumbe wa faragha unielekeze.

Mstaafu wa Reli

Mimi niko Ukonga, si mbali. Fundi, hiyo Jumapili nije na pasi?